Magari Mangapi Yamevuka?

Ilikuwa saa saba usiku. Hosteli imelala, feni inazunguka kwa kusuasua, na kwenye skrini yangu kulikuwa na sentensi moja niliyoingoja kwa miezi minne: hakuna kosa lililopatikana. Nilisimama nikacheza kidogo peke yangu, bila muziki. Kisha nikaipiga picha ile skrini, nikamtumia msimamizi wa tasnifu yangu, nikalala nikiwa na uhakika kwamba shahada ya uzamili nimeshaipata.

Asubuhi nikakuta jibu lake. "Hongera. Magari mangapi yamevuka?"

Sikulielewa swali. Nilikuwa nimethibitisha kwamba magari hayawezi kugongana kwenye makutano ya barabara. Kuna haja gani ya kuyahesabu? Nikafungua modeli, nikahesabu. Hakuna. Hata moja. Kwenye sharti moja nilikuwa nimegeuza alama ya "ndogo kuliko" ikawa "kubwa kuliko", na kwa sababu hiyo kompyuta ya makutano ilikuwa inakataa kila ombi la kila gari, milele. Magari yote yalikuwa yamesimama kwenye mistari yao. Hayagongani kwa sababu hayaendi popote. Nilikuwa nimethibitisha, kwa ukali wote wa hisabati, kwamba maiti haugui malaria.

Nimetembea na swali lile tangu siku hiyo. Naandika makala hii kwa sababu naona watu wengi, wakiwemo wakubwa kuliko mimi, wanapiga picha skrini zao na kucheza kabla hawajaulizwa.

Kwanza nieleze ninachosoma, maana hata nyumbani wanajua tu kwamba "anasomea magari ya kompyuta".

Fikiria makutano yasiyo na mataa wala trafiki. Magari yote yanajiendesha yenyewe. Gari likiwa bado mbali linatuma ujumbe kwa kompyuta inayosimamia makutano: nitafika muda fulani, kwa kasi fulani, natoka kusini nakwenda magharibi, urefu wangu huu, upana wangu huu. Kompyuta imeyagawa makutano katika vigae vidogo vidogo, kama sakafu ya bafuni. Inaliigiza gari hilo likipita, kigae kwa kigae, muda kwa muda. Kama hakuna kigae kitakachogombewa, inatoa kibali. Kama kipo, inakataa, na gari linapunguza mwendo na kuomba tena. Sheria kuu ni moja: asiye na kibali haingii. Na aliyetangulia kuomba ndiye anayetangulia kuhudumiwa.

Wazo hili lilichapishwa mwaka 2004 na Kurt Dresner na Peter Stone wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wakalipanua katika makala ndefu ya mwaka 2008. Katika uigaji wao wa kompyuta, muda ambao magari hupoteza kwa kusubiri ulishuka sana ukilinganisha na mataa ya kawaida. Ukiutazama uigaji wa aina hii huwezi kubisha. Magari yanapishana katikati kama siafu, yanakosana kwa nafasi ndogo, hakuna anayesimama. Mtu aliyekaa saa mbili kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro akiona kitu kile anaweza kutokwa na machozi. Mimi nilikaribia.

Kazi yangu mimi ni kuuliza: je, yanakosana kila mara? Na neno "kila" ndilo shahada yenyewe. Kuthibitisha rasmi si kuendesha uigaji mara elfu moja ukaona hakuna ajali. Ni kuiandika itifaki nzima kwa lugha ya hisabati, kisha kuiachia programu ipite kwenye kila hali inayowezekana: kila mpangilio wa magari, kila ujumbe unaochelewa, kila ujumbe unaopotea. Ikipata njia hata moja inayoishia kwenye mgongano, inakurudishia njia hiyo hatua kwa hatua, kama shahidi mahakamani. Ufundi huu wa kukagua modeli ndio uliowapa Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis Tuzo ya Turing ya mwaka 2007. Si mchezo wa wanafunzi wa hosteli.

Na naupenda. Niseme hivyo mapema, maana nitakayoyasema mbele huko yanaweza kusikika kama ya mtu aliyechoka na fani yake.

Nina sababu ya kuupenda. Baada ya kurekebisha ile alama, magari yakaanza kuvuka, na ndani ya siku mbili programu ikanipa kosa la kweli. Gari la kwanza linaomba kibali. Kibali kinatolewa lakini ujumbe unachelewa njiani. Gari likiona kimya, linafuta ombi lake na kuomba upya kwa muda mwingine. Makutano yanapokea ule ufutaji, yanavirudisha vigae sokoni, gari la pili linavichukua. Halafu ndipo kile kibali cha zamani kinamfikia wa kwanza. Naye anadhani ni jibu la ombi lake jipya. Anaingia. Wa pili naye anaingia, kwa haki kabisa. Hatua kumi na nne, na mwisho wake vyuma.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeendesha uigaji wa kawaida usiku kucha na ajali hiyo haikutokea hata mara moja, kwa sababu ilihitaji ujumbe mmoja uchelewe kwa kipimo kilekile kisichotokea ovyo. Dawa yake ilikuwa rahisi hadi inatia aibu: kila ombi lipewe namba, na gari likatae kibali chenye namba isiyo ya ombi lake la mwisho. Ni kosa la modeli yangu mwenyewe, nililolitengeneza kwa kurahisisha mambo kupita kiasi. Lakini nani mwingine angeniambia?

Ndiyo maana nina ugomvi na kundi la kwanza, la wanaohesabu kilomita. Hawa hawataki kusikia habari za hisabati. Wanasema: magari yetu yametembea kilomita milioni kadhaa, tazama, ni salama. Mwaka 2016 Nidhi Kalra na Susan Paddock wa taasisi ya RAND walikaa chini wakapiga hesabu ambayo kila mwandishi wa habari za teknolojia angepaswa kuibandika ukutani. Kwa kuwa Marekani hufa takriban mtu mmoja kwa kila maili milioni 100 zinazoendeshwa, ili uonyeshe kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba magari yako si mabaya kuliko madereva wa kibinadamu kwa upande wa vifo, inabidi yatembee maili milioni 275 bila kuua mtu hata mmoja. Hizo ni zaidi ya kilomita milioni 440. Magari mia moja, yakiendeshwa usiku na mchana mwaka mzima, yangehitaji zaidi ya miaka kumi na miwili. Na programu ya gari haikai miaka kumi na miwili bila kubadilishwa. Ukiibadilisha, zile kilomita ni za programu nyingine.

Kwa hiyo anayekuambia "tumejaribu sana" anakuomba umwamini kwa kitu ambacho hata yeye hawezi kukihesabu. Kilomita zinakuambia wapi amepita, na mahali asipopita hazikuambii lolote.

Lakini kundi la pili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu ni langu. Ni sisi tunaosimama mbele ya ukumbi na kusema "imethibitishwa", kisha tunakaa.

Mwaka 1977 Leslie Lamport aliyatenganisha mambo mawili ambayo mtu wa kawaida huyachanganya. La kwanza ni usalama: jambo baya lisitokee kamwe. La pili ni uhai: jambo jema hatimaye litokee. Makutano yangu ya usiku ule yalikuwa na usalama mtupu bila uhai. Na ubaya wa usalama peke yake ni kwamba unapatikana kwa bei rahisi. Mfungie mtoto ndani, hatagongwa na gari. Zuia kila ombi, hakuna mgongano. Kila mara ukisikia kitu ni salama, muulize msemaji swali la msimamizi wangu: wangapi wamevuka?

Kuna jingine lililojificha chini zaidi. Kila uthibitisho unaanza na mambo ambayo mwandishi ameyachukulia kuwa kweli. Hizo ndizo dhana. Kwenye rasimu yangu ya kwanza zilikuwa ukurasa wa 31, kwa herufi ndogo kidogo kuliko zilizobaki. Moja, saa za magari yote zinakubaliana. Mbili, breki zinafanya kazi kama kiwanda kilivyosema. Tatu, ujumbe unaweza kuchelewa au kupotea lakini hakuna anayeughushi. Nne, barabara ni kavu. Tano, kila gari linajiendesha. Sita, kila gari linatii. Saba, ndani ya makutano hakuna kitu kingine chochote isipokuwa magari.

Soma tena ya saba. "Kitu kingine chochote." Niliiandika nikiwa nakunywa chai, wala mkono haukutetemeka.

Sisemi kuwa na dhana ni dhambi. Anayetaka kuthibitisha jambo kuhusu dunia nzima, na mvua yake na mbuzi wake, hatathibitisha chochote. Wenye wazo la Austin wenyewe walikuwa waungwana katika hili: waliandika namna ya kuchanganya itifaki yao na mataa kwa ajili ya madereva wa kibinadamu, wakaandika namna ya kulipa kipaumbele gari la dharura, na mwaka 2008 wakachapisha kazi nyingine kuhusu jambo ambalo mchuuzi asingeligusa: gari moja likiharibika katikati ya makutano, magari mangapi yatalirukia, na yafanye nini ili yawe machache? Huo ndio uungwana wa kitaaluma. Unaonyesha mwenyewe mahali nyumba yako inapovuja.

Ninachosema ni kwamba dhana ni deni. Ukiandika "tuchukulie kwamba hakuna mtu barabarani", hujamwondoa mtu huyo. Umekopa. Na deni lina mtu atakayelilipa, aidha wewe au mwingine. Hisabati haitakuuliza ni nani. Itaendelea kukubali hadi ukurasa wa mwisho.

Oktoba 1998, Paris ilifungua njia ya 14 ya metro, yenye treni zisizo na dereva. Programu zake za usalama ziliandikwa kwa njia iitwayo B, ambayo humlazimisha mwandishi athibitishe kihisabati kwamba programu inatimiza kile alichoahidi. Kwetu sisi wa fani hii, njia ya 14 ni kama kaburi la walii. Tunaitaja kila tukitaka baraka. Lakini tunapoitaja tunasahau jambo moja ambalo abiria yeyote analiona: kwenye ukingo wa jukwaa kuna ukuta wenye milango ya kioo, na milango hiyo hufunguka treni ikishasimama. Hakuna hisabati ya treni inayoweza kumzuia mtoto kuanguka relini. Kioo kinaweza. Waliojenga njia ile walikuwa na dhana kwamba hakuna mtu relini, na deni lake wakalilipa wao wenyewe, kwa kioo na chuma na umeme, kituo kwa kituo.

Barabara haina milango ya kioo. Kwa hiyo nani analipa?

Historia imeshajibu mara moja. Magari yalipoanza kujaa kwenye miji ya Marekani, barabara ilikuwa bado ya kila mtu: wachuuzi, watoto, farasi, waenda kwa miguu. Watu wakaanza kufa kwa wingi na hasira zikapanda. Mwaka 1923 wakazi wa Cincinnati walikusanya saini zaidi ya 40,000 wakitaka kila gari mjini lifungwe kifaa cha kulizuia lisizidi maili 25 kwa saa, yaani kama kilomita 40. Wafanyabiashara wa magari walipambana na pendekezo hilo, na kwenye kura likashindwa. Mwanahistoria Peter Norton ameeleza kwa kina kilichofuata: badala ya gari kufundishwa adabu, mwenda kwa miguu ndiye aliyefundishwa. Lilienezwa tusi la kumwita mshamba asiyejua kutembea mjini, na tusi likawa sheria. Los Angeles ilipitisha yake mwaka 1925. Kuvuka barabara, kitendo cha kale kuliko gurudumu, kikawa kosa mahali pengi.

Hivyo ndivyo dhana ya saba inavyolipwa. Kwanza unaandika kwamba watu hawapo, halafu wakionekana unawashitaki.

Na kuna wakati hata kuandikwa haiandikwi. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua Elaine Herzberg, aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Hapakuwa makutano na hapakuwa kivuko. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipochunguza ilikuta kwamba mitambo ya gari ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Ilimwona, ikamwita kitu kisichojulikana, ikamwita gari, ikamwita baiskeli, na kila ilipobadilisha jina ilisahau alikotoka, ikashindwa kujua anakoelekea. Mwangalizi aliyekaa ndani alikuwa ameangalia simu, na bodi ilimtaja kama chanzo cha karibu. Lakini bodi iliandika na jambo jingine: mfumo ule haukuwa umesanifiwa kumfikiria mwenda kwa miguu anayevuka mahali pasipo na kivuko.

Sekunde tano na nusu ni nyingi. Jaribu kuzihesabu kwa sauti. Tatizo halikuwa macho. Mama yule hakuwemo kwenye modeli.

Sasa niseme kwa nini mimi, ambaye sijawahi kupanda gari linalojiendesha na huenda nisilipande karibuni, nagombana hivi.

Nina shangazi anayeishi Manzese. Magoti yake yamechoka. Ana safari mbili kwa wiki kwenda ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, na kuna daraja la waenda kwa miguu, refu, lenye ngazi. Aliyelifikiria daraja lile alifikiria vizuri: mtu akipita juu na gari likipita chini, hawatakutana. Ukilipeleka kwenye programu yangu litapita mtihani wa usalama bila kosa. Siku moja nilimsindikiza. Alisimama chini ya ngazi, akazitazama kama mtu anayetazama bili ya hospitali.

"Mwanangu," akaniambia, "hili daraja wamewajengea magari."

Nikacheka. Nilipofika hosteli sikucheka tena, kwa sababu nilifungua ukurasa wa 31 nikaisoma dhana ya saba, na nikajua nani analipa deni langu. Analilipa kwa magoti.

Kwa hiyo nikafanya kitu ambacho ratiba yangu haikuruhusu. Nikamwingiza shangazi kwenye modeli. Sikumwita hivyo, nilimwita M. Nilimpa kitufe cha kubonyeza ukingoni mwa barabara, na ombi lake likaingia kwenye foleni kama maombi mengine: nahitaji ukanda huu wa vigae kwa sekunde ishirini. Kwa nini ishirini? Kwa sababu nilimpima. Kisha nikaiachia programu ikague mambo mawili: M asigongwe kamwe, na M hatimaye avuke.

La kwanza lilipita. La pili lilirudi na shahidi. M anaomba. Ndani ya zile sekunde ishirini kuna kigae ambacho tayari kina mwenyewe, kwa kuwa magari huomba yakiwa bado mbali, na ombi la M ni kubwa kuliko la gari lolote. Anakataliwa. Anaomba tena. Kufikia hapo gari jingine limeshaingia kwenye orodha. Anakataliwa. Programu ikachora duara, na kwenye fani yetu duara maana yake ni milele. Hakuna aliyemwonea. Kila gari lilifuata sheria, aliyetangulia alihudumiwa, hakuna aliyegongwa. Mfumo ni salama, na shangazi bado yuko ng'ambo ile.

Unaweza kulitibu hili, na nililitibu. M akishaomba, makutano yanaacha kutoa vibali vipya vinavyogusa ukanda wake hadi atakapovuka. Uhai ukathibitika. Lakini muda wa magari kusubiri ukapanda, na ile grafu nzuri iliyonipeleka kwenye fani hii ikaanza kufanana kidogo na mataa.

Niliionyesha grafu hiyo kwenye semina ya idara. Mmoja wa walimu, mtu ninayemheshimu, akanyoosha mkono. "Ukifanya hivyo faida yote ya itifaki inapungua."

Ndiyo, Dokta. Inapungua. Maana sehemu ya faida ile ilikuwa muda wa mtu mwingine. Tuliuchukua kwake tukauhesabu kuwa ni ubunifu.

Sikulijibu hivyo pale ukumbini, kwa adabu na kwa woga. Nilisema "asante, nitalifanyia kazi". Nikashauriwa kwa upole kwamba kwa kiwango cha uzamili ingetosha kumtoa mwenda kwa miguu na kumtaja kwenye sehemu ya utafiti wa baadaye. Nimezisoma tasnifu nyingi na makala nyingi. Utafiti wa baadaye ndiko tunakozika watu. Mwenda kwa miguu yuko huko. Mwendesha baiskeli yuko huko. Kipofu yuko huko, pamoja na mtoto anayekimbilia mpira.

Najua mtakayoniambia. Kwamba kila modeli hurahisisha: kweli, na nimeshasema. Kwamba hizi ni habari za Texas na Arizona, sisi hata trafiki bado anasimama katikati ya barabara na kuyapuuza mataa yaliyo juu ya kichwa chake. Kweli pia. Lakini mataa nayo hayakubuniwa kwetu, na leo yakiwa mekundu tunasimama. Teknolojia ya barabara huja imeshafungwa kwenye boksi, na dhana zake zimo ndani ya boksi. Ikishafika, hatuulizwi tena kama tunatembea kwa miguu. Tunaambiwa imethibitishwa. Anayetaka kuuliza inabidi aulize sasa, ikiwa bado ni fomula, kwa sababu kufuta fomula ni rahisi kuliko kubomoa zege.

Wala sitaki mtu aondoke hapa akisema "kumbe hata hisabati haiaminiki, bora tuendelee na kilomita". Hapana. Aliyehesabu kilomita naye ana dhana saba, kumi, ishirini. Tofauti ni kwamba hajaziandika popote, hivyo huwezi kumshika. Mimi nilijishika mwenyewe kwa sababu hisabati ilinilazimisha niandike kwamba barabarani hamna watu, kwa maandishi, na jina langu juu yake. Hiyo ndiyo zawadi kubwa ya uthibitisho rasmi, kubwa kuliko neno "salama" linalotokea mwishoni. Unamlazimisha msomi akiri. Tunachokosea ni kukificha kile kiri kwenye ukurasa wa 31.

Ninachodai si kikubwa. Anayetangaza kwamba itifaki imethibitishwa aziweke dhana zake mbele, mahali pa kwanza pa kusomwa. Mbele ya kila dhana aandike nani atakayeifanya iwe kweli, na kwa gharama ya nani. Na asithubutu kuthibitisha usalama wa mtu bila kuthibitisha kwamba mtu huyo atafika anakokwenda.

Nimeanza na mimi. Wiki iliyopita nilibadilisha ikisiri ya tasnifu yangu. Sentensi ya pili sasa inasema: itifaki hii ni salama kwa magari iwapo hakuna mtu anayevuka, akiwepo anayevuka, itifaki ya asili inaweza kumzuia milele, na marekebisho tunayopendekeza yanamruhusu avuke kwa kuwachelewesha wengine.

Msimamizi wangu aliisoma, akavua miwani. "Ukianza hivyo," akasema, "nani atasoma zilizobaki?"

Nikamjibu kwamba sijui. Akaivaa tena miwani yake, akaisoma sentensi mara ya pili, akaweka mkato mahali niliposahau kuuweka, akanirudishia karatasi. Nakabidhi Ijumaa.